Farasi Weusi wa Kaizari

Urafiki wao ulianzia kwenye jino. Mpima ardhi mmoja, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, alivunjika jino la mbele akiwa kazini, akaelekezwa kwa fundi wa meno ya bandia aliyekuwa na karakana yake kwenye chumba cha nyuma cha kliniki. Alipofika hakuketi. Alisimama mbele ya meza ya kazi, leso mdomoni, macho yamemganda kwenye kitu kidogo kilichosimama kati ya makopo ya plasta. Kilikuwa askari wa bati, kimo chake hakifiki kidole gumba, amevaa koti jeupe, bunduki begani, na vifungo vya koti lake unaweza kuvihesabu.

"Huyu ni Mwaustria," alisema Mpima, na kwa lile pengo neno likatoka na mluzi.

Fundi aliacha alichokuwa akikisugua. Miaka yote aliyokuwa akisubu askari wake, akimimina bati lililoyeyuka kwenye kalibu alizozitengeneza kwa mpira uleule wa kuchukulia alama za fizi, hakuna mteja aliyewahi kumtambua hata mmoja. Wengi waliuliza kama ni mdoli wa mjukuu.

"Ni Mwaustria," alikubali.

"Wa vita vya Wagram?"

"Vya Wagram."

"Mimi nyumbani ninao Wafaransa," Mpima alisema, akashusha sauti kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. "Lakini wangu ni wa karatasi. Nimewakata kwa mkasi."

Siku hiyo jino lilichelewa sana kupimwa.

Kuanzia hapo Jumamosi zao zikawa na mwenyewe. Mpima alitoa gari lake bandani, likaanza kulala nje likinyeshewa, na mahali pake akaweka meza kubwa ya mpira wa meza iliyotupwa na shule fulani. Juu ya meza hiyo alijenga uwanda wa Wagram: vilima vya sponji alivyovichonga kwa kisu cha mkate, mto wa vanishi, nyasi za unga wa mbao uliochovywa rangi ya kijani. Mkewe alitafuta godoro la wageni mpaka akachoka, na alipoingia bandani akalikuta limegeuka milima. Hakugomba. Alisema tu kwamba mgeni atakayekuja atalala Wagram.

Fundi ndiye aliyewasubu askari wa pande zote mbili. Alijua kutengeneza kalibu, alijua bati liyeyuke kiasi gani lisije likaacha viputo usoni. Mpima akachukua Wafaransa, makoti ya buluu. Fundi akabaki na Waaustria na weupe wao, ingawa wote wawili walijua kwamba katika vita vile Waaustria ndio walioshindwa na Kaizari wa Wafaransa.

"Kwa nini ung'ang'anie walioshindwa?" Mpima alimuuliza.

"Mimi nimezoea rangi ya meno," Fundi akajibu.

Mke wa Fundi mwanzoni aliwacheka. Aliwaambia majirani kwamba mumewe ameoa kikosi kizima na yeye ni mke mdogo. Kisha jioni moja alichukua brashi, akamvuta kwake farasi mmoja wa bati, akampaka. Fundi alipomwona yule farasi alimsogeza kwenye taa. Alikuwa wa kahawia, tumboni amefifia kidogo kama farasi aliyetoka jasho, na usoni ana baka jeupe lililopinda upande.

"Sasa nipakie na mpandaji wake," Fundi alimwomba.

"Watu wenu siwagusi. Mnawapanga mezani wakafe, halafu mimi nikae niwapake nyusi? Nileteeni farasi. Farasi hawana ugomvi na mtu."

Basi ikawa hivyo. Mpima akampa jina la Mama Farasi, na jina likamkaa. Alipaka farasi wa Waaustria wote, na hakuna wawili waliofanana. Huyu ana soksi nyeupe miguu ya nyuma, yule kijivu ana madoa kama kanga, mwingine kapakwa jeraha la kung'atwa sikioni. Farasi wa kweli hakuwa amewahi kuwasogelea; aliwatoa kwenye picha za kalenda na, alivyosema mwenyewe, kwenye sura za watu wa ukoo wake. Moyo ulipoanza kumsumbua, daktari akamkataza kupanda ngazi, aliendelea kupaka akiwa kitandani, sinia mapajani, mito mgongoni. Wa mwisho aliwamaliza kwa mkono mwepesi kuliko wa kwanza. Baada ya hapo hakuagiza wengine, na Fundi hakumuuliza.

Alipofariki, Fundi aliwapandisha askari kwenye migongo ya farasi wale, mmoja mmoja kwa gundi, akawapeleka bandani kwa Mpima pamoja na jeshi lote. Vyumba vyake viwili havikuwa na nafasi ya kuwapanga. Na kusema kweli hakutaka kuwa nao kule peke yake. Bandani kulikuwa na watu, kulikuwa na chai, na Mpima alikuwa na desturi ya kumwinua farasi mmoja kabla ya mchezo, akamgeuza kwenye mwanga na kusema, "Siku ya kumpaka huyu, Mama Farasi alikuwa amekasirika. Mtazame macho."

Vita vyenyewe, Wagram nzima na vikosi vyote, waliviweka kwa siku ambayo kila kitu kingekuwa tayari. Kwa miaka walicheza mapigano madogomadogo, kona moja ya uwanda, kijiji kimoja, wakirusha dadu na kubishana. Mpima akastaafu, Fundi akabaki na wateja wachache tu. Jeshi likakamilika. Wakapanga siku.

Siku hiyo hawakufika popote. Mpima, mtu aliyekula maisha yake yote kwa kupima, alivuta tepu kutoka kikosi hadi kijito, akasoma kwa sauti, akaivuta tena palepale akasoma kana kwamba ndiyo kwanza, kisha akaivuta tena. Fundi alidhani anamtania. Halafu Mpima akasimama wima, tepu imening'inia mkononi, akaangalia meza yote kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nani amekuja kuweka vitu hivi hapa?" aliuliza kwa adabu, kama mtu aliye nyumbani kwa wageni.

Fundi alicheka kidogo. Alipoona mwenzake hacheki, kicheko kikamfia mdomoni.

Daktari alisema ni ubongo unasinyaa, na kwamba hakuna dawa ya kuurudisha. Mke wa Mpima aliyapokea maneno hayo mkoba ukiwa mapajani. Fundi alikuwa amewasindikiza. Nje ya hospitali alimwambia kwamba labda ingekuwa afadhali ayachukue majeshi, banda lirudi kuwa banda, Mpima asije akachanganyikiwa zaidi.

"Usiyachukue, shemeji," mwanamke yule alimwambia. "Ukiyachukua atajua kwamba tumeshamaliza naye."

Fundi akayaacha. Aliendelea kwenda kila Jumamosi. Hawakurusha dadu tena. Walikuwa wakiwafuta vumbi askari kwa brashi laini, wakiwapanga, wakiwapangua. Siku nyingine Mpima alijua kila kikosi na kamanda wake. Siku nyingine alimpokea Fundi mlangoni kama mteja na kumuuliza kiwanja chake kiko upande gani.

Kisha Fundi mwenyewe akaugua. Ngiri aliyokuwa akiipuuza ilimwangusha karakanani, akapasuliwa, na kidonda kikagoma kupona haraka. Alikaa kwa dada yake muda mrefu akila uji na kukatazwa kuinua hata ndoo. Mke wa Mpima alimpigia simu mara kwa mara, na kila mara sauti yake ilikuwa nyepesi kuliko mara ya mwisho.

"Ametulia, shemeji, kama maji ya mtungi," alimwambia. "Hatoki nje kuzurura, hanitukani. Anaamka anakwenda bandani anapaka rangi kutwa. Rangi ilimwishia nikamnunulia nyingine. Mungu mkubwa. Wewe pona tu, utakuja uone."

Fundi alifurahi. Alimwazia mwenzake ameinama mezani, miwani imeshuka puani, akirekebisha vifungo vya Wafaransa wake. Hakuuliza ni rangi gani iliyokwisha.

Jumamosi aliyorudi, mke wa Mpima alimpokea kwa mikono miwili na kumsukuma taratibu kuelekea bandani, kama mama anayetaka mgeni aone kazi ya mwanawe. Mpima alikuwa amesimama nyuma ya meza, amenyoa vizuri, vidole vimejaa rangi. Mlango ulikuwa wazi na jua lilimulika uwanda wote.

Jeshi lilikuwa moja tu. Upande huu wa kijito makoti ya buluu, upande ule makoti ya buluu. Wale Waaustria wote, safu kwa safu, weupe wao umezikwa chini ya buluu nzito iliyojaa kwenye mikunjo na kuziba vifungo. Nyuso zilikuwa zimeguswa na brashi pana. Na kule nyuma, kwenye mwinuko, walisimama wapanda farasi, na farasi wote walikuwa weusi, weusi wa kung'aa, kuanzia masikio hadi kwato.

"Walinzi wa Kaizari," Mpima alieleza, akifuata macho ya Fundi. "Walinzi wake wanapanda farasi weusi. Kulikuwa na uzembe mkubwa hapa. Nilikuta farasi wa kila rangi."

Fundi alishika ukingo wa meza. Kidonda chake tumboni kilivuta kama kimeshikwa na ndoana.

"Na adui yuko wapi?" aliuliza, maana alihisi lazima aseme kitu.

"Adui bado hajafika. Ndiye tunamngoja."

Mke wa Mpima alikuwa mlangoni, amekunja mikono kifuani, anatabasamu. "Si wamependeza, shemeji?"

"Wamependeza," alisema Fundi.

Alipokuwa akiondoka, Mpima alikuwa amegeuka kuosha brashi. Fundi alinyoosha mkono akamchukua mpanda farasi mmoja wa pembeni, akamtia mfukoni. Ajabu yake, aliona haya. Alitoka mle ndani haraka, akaaga kwa mgongo, kama mtu aliyeiba kitu kisicho chake.

Asubuhi iliyofuata alikaa karakanani na kuvaa miwani ya kukuzia. Alimng'oa mpandaji, akamlaza farasi kwenye kitambaa cheupe. Alijua rangi. Alijua kwamba spiriti haina macho. Ikiyeyusha rangi ya juu inakwenda moja kwa moja kwenye ya chini. Lakini alijiambia kwamba mkono wake ni mkono uliowahi kusawazisha jino hadi mteja akasahau kwamba si lake, na kwamba taratibu, kijiti cha pamba kikiwa na unyevu tu, huenda akauvua ule weusi kama ngozi ya kitunguu. Alianzia shavuni. Alisugua, akafuta, akapuliza, akasugua. Pamba ikatoka nyeusi, nyeusi tena, kisha kijivu. Halafu chini ya kioo akaona kahawia. Palikuwa padogo kama mbegu ya ufuta, na pembeni yake mstari mweupe uliopinda. Ni yule wa kwanza. Ni yule aliyepakwa jioni ile ya mzaha.

Alijaribu kuupanua mstari ule kidogo tu. Pamba ilipita mara moja, na alipoiinua, kahawia ilikuwa kwenye pamba. Chini palikuwa na bati tupu linalong'aa.

Alijaribu upande wa pili, kwa kisu chembamba badala ya spiriti. Weusi uliganduka kwa magamba, na kila gamba lilibeba kahawia kwa chini. Aliendelea kwa kuwa hakujua aache vipi. Alipoweka kisu chini, farasi alikuwa kama alivyotoka kwenye kalibu, hajawahi kuguswa na mtu. Fundi alivua miwani. Kwenye meza mbele yake kulikuwa na seti ya meno ya mteja iliyongoja kung'arishwa, na mteja huyo alipokuja kuulizia, aliambiwa arudi kesho.

Alikuwa ameapa kutosema lolote. Mgonjwa hana kosa. Hilo alilijua, na alijikumbusha njia nzima Jumamosi iliyofuata. Na huenda angenyamaza kweli, lau Mpima asingekuwa na siku nzuri. Alimtambua Fundi tangu getini. Alimwita kwa jina la kazi, akamvutia kiti, akauliza habari ya kidonda. Kisha akaangaza nyuma yake.

"Na Mama Farasi je? Mbona siku hizi humleti?"

Fundi alimtazama. Alisikia maneno yakitoka kinywani mwake kwa upole, bila haraka, kama mtu anayemweleza mteja bei.

"Amekufa, Mpima. Alikufa zamani, ulishika jeneza. Walibaki farasi wake tu, na hao umewafuta wewe. Wote. Sina hata mmoja."

Uso wa Mpima ukakunjamana na machozi yakaanza kumtoka, machozi mengi ya mtoto, na akawa anarudia, "Amekufa? Amekufa lini? Mbona hamkuniambia?" Fundi hakumshika. Mlangoni sinia iligonga ukuta. Mke wa Mpima alikuwa amesimama na vikombe vya chai, na amesikia kila kitu.

Haikupita muda Mpima akanyamaza, akajigusa mashavu, akaangalia vidole vyake vilivyolowa. "Kumbe kunavuja humu," alisema, akatazama darini. Akachukua brashi.

Yeye alisahau. Mkewe hakusahau.

"Zile rangi nyeusi nilikwenda kuzinunua mimi," alimwambia Fundi pale uani. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Aliniambia anataka nyeusi, nikazunguka maduka kuitafuta. Nikamchagulia na brashi. Nilikuwa nakaa pale namtazama, shemeji, namshukuru Mungu."

"Hukujua."

"Ningejuaje? Mimi kwangu farasi ni farasi." Alifuta mikono kwenye nguo yake ingawa haikuwa na maji. "Marehemu alikuwa rafiki yangu. Alipokuwa mgonjwa nilimsuka nywele pale kitandani, anapaka huku namsuka. Hata hivyo sikuwatambua."

Fundi alitamani ardhi immeze. Mwanamke huyu alikuwa amepata wiki chache za amani katika msiba wake wote, na yeye alizifikia hata hizo akazitia sumu.

Siku hiyohiyo mke wa Mpima alikusanya makopo yote ya rangi na brashi zote, akavifungia kabatini. Aliona ndiyo heshima pekee aliyoweza bado kumpa marehemu. Na amani ikaisha. Mpima alitafuta brashi zake chini ya vitanda, kwenye jiko, kwenye mapipa ya jirani. Alimwita mkewe mwizi. Alipaka ukuta wa banda kwa dawa ya meno, akapaka mikono yake kwa majivu. Akatoka nje kwenda kuwauliza wapita njia kama wamemwona mtoro wa kikosi cha walinzi, kwa sababu kwenye safu kuna pengo. Mara mbili alirudishwa na watu asiowajua, miguu inatoka damu.

Fundi aliitwa. Alimkuta rafiki yake amefungiwa chumbani, anagonga mlango kwa kiganja, bila hasira, bila kuchoka. Mkewe alikuwa amekaa sakafuni upande wa pili wa mlango huohuo, kichwa amekiegemeza kwenye ubao.

"Mrudishie rangi," Fundi alisema.

"Kuna nini kimebaki cha kupaka?"

Fundi alikwenda karakanani, akawasha jiko lake dogo, akatoa kalibu zile za zamani. Alimimina Waaustria. Hakuwa ametarajia kufanya hivyo tena maishani mwake. Aliwasafisha, akawapaka rangi ya msingi nyeupe tu, akawaleta ndani ya mfuko. Mpima, alipofunguliwa na kurudishiwa rangi zake, aliwamwaga mezani, na mikono yake iliyokuwa ikihangaika siku zote hizo ikatulia.

"Hawa ni kina nani?" aliuliza.

"Hawa ni adui," Fundi alisema. "Amefika."

Mpima alimwinua mmoja karibu na macho. "Hapana, bwana," alisema kwa huruma. "Hawa ni vijana wetu. Hawajapata sare tu." Akafungua kopo la buluu.

Hivyo ndivyo walivyoishi tangu hapo. Kila Jumamosi Fundi alileta mfuko wa weupe, na kila Jumamosi iliyofuata weupe hao walikuwa wamesimama safuni, buluu. Aliacha kuwasafisha sana. Puani waliachwa na vipande vya bati, na Mpima hakuona. Ujuzi wake wote sasa ulikwenda kwenye kitu kilichosubiri kuharibiwa. Mke wa Mpima alianza tena kuleta chai, lakini hakukaa tena kutazama. Aliweka vikombe, akatoka.

Baadaye Mpima akataka farasi. Alisema Kaizari analalamika, walinzi wake wanatembea kwa miguu. Fundi alikawia. Alijidai hana bati. Lakini Mpima alianza tena kutembea usiku na kugonga milango, na kalibu ya farasi ilikuwa moja tu, ileile. Akamimina. Akaleta wachache, kisha wengine, wapandaji wakiwa tayari wamegandishwa migongoni kwa gundi, na Mpima akawapaka weusi akawapandisha kule mwinukoni pamoja na wenzao. Aliwapanga, akawapangua, akawahamisha pembeni, akawarudisha katikati.

Mwisho mkono wenyewe ukasahau. Mpima alitumbukiza brashi kwenye chai, akaitia mdomoni. Kisha akawa anaishika tu, ameketi, rangi imemkaukia kwenye kopo lililo wazi. Mfuko wa mwisho wa Fundi ulikaa mezani haujafunguliwa. Akahamia kitandani. Fundi alikwenda kumgeuza, kumsaidia mkewe kumwosha, na katika kipindi hicho chote hakutambuliwa hata mara moja, wala kwa jina la kazi wala kama mtu wa kiwanja. Mpima alifariki asubuhi moja mkewe akiwa anamfungulia dirisha. Alipogeuka, mumewe alikuwa ameshakwenda.

Baada ya maziko, binti yao aliyeolewa mbali alimtaka mama yake akaishi naye, na nyumba ikaanza kufungashwa. Fundi alikuja na maboksi. Waliketi pande mbili za meza, yeye na mke wa Mpima, wakiwafunga askari katika magazeti ya zamani. Jeshi hilo lilikuwa kubwa mno sasa, na halikuwa na maana kwa mtu yeyote. Hakuna mchezo unaochezwa na upande mmoja.

Walipofika mwinukoni, mwanamke aliacha kufunga.

"Wale wa marehemu ni wepi, shemeji?" aliuliza. "Tuwatenge. Wasichanganyike na hawa wengine uliowatengeneza juzi."

Fundi aliinua farasi mmoja. Akainua wa pili. Walikuwa wametoka kalibu moja, mguu uleule umenyanyuliwa, shingo ileile, weusi uleule mzito. Alimgeuza huyu kwenye mwanga, akapapasa tumbo la yule kwa ukucha, akavaa miwani yake akaivua. Katika miezi ile yote ya kuleta mifuko, hakuwahi kufikiria kuweka alama. Njia ya kujua ilikuwapo, lakini ilikuwa moja tu, kukwangua, na yeye alishaijua mwisho wake.

Mke wa Mpima alikuwa anamtazama usoni. Alikuwa amekonda sana. Mikono yake ilikuwa tayari imetandaza kitambaa laini mapajani, kipande cha shuka, si gazeti.

"Hawa hapa," Fundi alisema. Akamchagua mmoja, akachagua mwingine pembeni yake, na wengine, bila kusita, kama mtu anayewafahamu.

"Una hakika?"

"Mkono wa mke wangu nitaacha kuujua?"

Mwanamke yule aliwapokea mmoja mmoja, akawaviringisha taratibu asije akawavunja miguu. Kila mmoja alimpa sehemu yake ya kitambaa. "Angalau hawa," alisema. "Angalau hawa, shemeji, nilitaka niwe na hakika wamerudi kwako." Akalifunga boksi dogo kwa kamba, akamkabidhi kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akavuta pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

Fundi alishukuru. Aliwafunga waliobaki katika magazeti, upesi upesi, akajaza maboksi makubwa mpaka meza ikabaki na vilima vitupu. Kisha walisaidiana kuyabeba hadi nje, kwenye gari la kukodi, na dereva aliuliza ni mali gani nzito namna hiyo.

"Ni bati," Fundi alimwambia, akaingia akaketi mbele, boksi dogo mapajani. Gari lilipoondoka mwanamke alisimama getini akipunga mkono, naye akampungia, akitabasamu kadiri alivyoweza, mpaka walipokata kona.